Restart=on-failure au Restart=always, uweke ipi kwenye systemd, ile programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma?

Restart ndo inaiambia systemd lini iiwashe tena huduma ikizimika. Watu wengi wanaweka always tu alafu wanasahau, mi naona uanze na on-failure, na hata maelezo ya systemd yenyewe yanaipendekeza kwa huduma zinazokaa hewani muda mrefu. Ukiweka on-failure, programu ikikrashi, ikitoka na kodi isiyo sifuri (yaani kuna kosa) au kerneli, kiini cha Linux, ikiiua sababu memori imeisha, inawashwa tena, ila ikimaliza yenyewe kwa sifuri inaachwa ilale. Na hapa ndo wengi wananaswa: mtu akipiga amri ya kill ya kawaida, inayotuma SIGTERM, yaani ishara ya kuiambia programu ijizime, systemd inahesabu imetoka vizuri kwahiyo haiiwashi.

Always haiulizi, imetoka vizuri imetoka vibaya inarudi tu. Inafaa kwa kitu kama woka wa foleni, yaani programu inayofanya kazi zilizopangwa foleni, ambaye anajizima makusudi baada ya kazi kadhaa ili aanze upya. Ila systemctl stop, amri ya kuzima huduma, inaheshimiwa kote kote, usiogope.

Sasa shida kubwa iko kwenye RestartSec jamani, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuwasha tena, difolti ni milisekunde 100, na systemd inaruhusu kuwaka mara 5 ndani ya sekunde 10, kwahiyo databesi ikichelewa kuwaka kidogo tu, apu yako inayoitegemea inakrashi tena na tena, inamaliza nafasi zote fasta alafu inabaki imekufa mpaka uende kuiwasha kwa mkono. Weka RestartSec=5, hapo haifikii kikomo, itajaribu mpaka databesi iamke.