Mashua nzuri, nahodha hodari, wakala hajui maji: siku nne Pate na Kiwayu

Nyota moja kwa safari hii ya mashua kutoka Lamu. Nilitaka kutoa mbili kwa heshima ya nahodha, lakini nyota ni za aliyepokea arbuni, na arbuni aliipokea wakala.

Palipoharibika ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Mashua yenye wageni sita, mizigo ya siku nne na farumi (uzito wa kukituliza chombo) ya magunia ya mchanga haipiti pale ila maji yawe mengi. Tulikwenda msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, wiki ya mwezi mpevu, bamvua tupu, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwenye bamvua Lamu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Kwa hiyo unang'oa nanga saa tisa usiku na kuingia Mkanda maji yakiwa bado yanapanda. Ukigusa tope unatulia tu, yatakunyanyua. Ukiingia yanatoka, ukigusa umekwisha.

Tuliahidiwa hiyo saa tisa. Maji ya kunywa na makaa vikafika gatini saa mbili kasorobo asubuhi, na wakala nyuma yake anatafuna. Hakuna saa mbaya kuliko hiyo, maana maji hayatoki kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza yanasuasua, ya tatu na ya nne yanakimbia. Nahodha akasema tungoje ya alasiri. Akajibiwa mbele yetu sote: "Wewe kazi yako usukani. Wageni wamelipia siku, hawakulipia maneno." Sisi tuliolipia tulikuwa tayari kungoja, hakuna aliyetuuliza.

Tukapwelewa kabla ya saa tatu. Niseme kupwelewa ni nini, kwa anayedhani ni mapumziko. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, unakaa kwenye tope, chombo kinaanza kulala ubavu. Farumi ikiteleza upande wa chini kinalala zaidi, na maji yakirudi yanaweza kuingia juu ya ubao kabla tope halijauachia mkuku. Nahodha na baharia wake walihamisha magunia yote upande wa juu, wakatia gadi (nguzo za kuegemeza) mbili za boriti ubavuni, wakapeleka nanga kwa miguu hadi penye kina ili baadaye wavute amari, kamba ya nanga. Mbao zikakaa juani kwa muda wa zaidi ya saa tatu, kalafati (pamba ya kuziba nafasi za mbao) ikakauka, na tulipoelea, karibu saa saba mchana, ngama, yaani sakafu ya ndani ya chombo, ilikuwa inajaa maji. Baharia hakuuweka chini upo wa kuchotea maji mpaka Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate.

Hapo ndipo safari ya miguu ilipokufa. Kutoka Mtangawanda hadi mji wa Pate ni kama saa moja, na Pate hadi Siyu mbili nyingine, njia ya mchanga na minazi, kisha vichaka visivyo na kivuli. Unaanza asubuhi na mapema, lita tatu za maji kila mtu, viatu vya soli ngumu kwa sababu mawe ya matumbawe yanakata kandambili. Kufika Mtangawanda saa kumi kasoro ni kuikosa Siyu kabla ya giza. Ngome ya Siyu ndiyo iliyotufanya tuichague safari hii! Kwa simu wakala akasema ngome ni ngome, Lamu pia ipo. Pesa ya siku hiyo hakurudisha hata senti.

Sasa nitajipinga. Kiwayu ilikuwa raha ambayo siwezi kuisema vibaya hata nikiwa na hasira hizi. Kusi nyuma yetu, tanga limejaa, mashua inakwenda kama imepakwa mafuta. Kisiwa ni chembamba, ukipanda mgongo wa vilima vya mchanga unaona bahari kuu upande mmoja na mikoko upande wa pili. Ngisi wa kuchoma, sitaki hata kuanza.

Kurudi, kusi ileile inakuwa usoni, na ni kubisha (kwenda kwa kupinda-pinda dhidi ya upepo) kutwa au kuwasha mashine. Ulizeni mapema mafuta ya mashine yako ndani ya bei au nje, maana sisi tuliambiwa baharini kwamba yako nje. Na mkitaka Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, njiani, kile kijito cha mikoko nacho kinaingilika maji yakijaa tu, msikubali "tutapita pita". Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hivyo ratiba ya siku ya kwanza haifai siku ya nne.

Haya, nyota tatu. Hapana, mbili. Nikikumbuka lile jibu la gatini narudi kwenye moja. Nahodha hata hivyo nitamtafuta, na arbuni nitampa yeye mkononi.