TAHADHARI: Kuna muuza "vifaa vya Mjerumani" Arusha na Moshi, msimtumie hela

Wadau wa vitu vya kale, kuna jamaa anauza patasi, randa, keekee za mkono na mikuki, anasema ni vya enzi za Mjerumani. Kanipiga 340,000. Jina silitaji maana kesi iko polisi, ila mbinu zake nazieleza.

Picha zake nzuri, vifaa kavipanga juu ya gunia la kahawa, nyuma ukuta wa bluu umebambuka rangi. Stori yake ni kwamba babu yake alikuwa seremala wa reli ya kutoka Tanga, ilivyofika Moshi 1911 akaachiwa sanduku la vifaa. Mimi baba yangu alikuwa seremala, nimekulia kwenye maranda, nikisikia patasi ya zamani moyo unaruka, na hapo ndo kanikamata. "Mzee wangu kuna Mzungu kashafika bei, tanguliza kidogo nikushikilie." Nikatuma laki mbili, mzigo ukaja Moshi na koasta ya jioni, nikamalizia 140,000 palepale stendi giza limeshaingia, boksi sijalifungua. Hapo nilikosea sana, msilipe kabla ya kufungua.

Nyumbani nikaweka chini ya taa. Kutu ni ya rangi ya chungwa, ungaunga, nikipitisha kidole kinabaki chekundu. Kutu ya miaka mingi haiko hivo, ni kahawia nzito inakaribia nyeusi, imeng'ang'ania chuma, ukiikwangua unakuta vishimo. Ile ni kutu ya maji ya betri au chumvi na siki, kazi ya siku chache tu. Mipini kaipaka oili chafu, hata harufu ya gereji bado ipo, nikafuta na kitambaa chenye mafuta ya taa weusi wote ukatoka, chini mbao nyeupe mpya kabisa. Mpini ulioshikwa miaka na miaka unang'aa zaidi pale kiganja kinapokaa, hauwi mweusi sawasawa mwili mzima.

Sasa patasi ya pili, karibu na mpini palikuwa pamepigwa tupa. Nikasugua taratibu na msasa laini, herufi zikatokea: W. GERMANY. Jamani! Mjerumani kaondoka Moshi 1916 kwenye vita, Ujerumani Magharibi imeanza 1949, huyo babu wa reli aliipata wapi? Ni patasi nzuri tu, chuma kizuri, angeniuzia kwa bei yake halali ningeinunua na kumshukuru.

Mkuki ndo umeniuma zaidi. Bapa limefuliwa na mtu anayejua kazi, mgongo umenyooka toka juu mpaka chini, halafu mkia wake ni nondo, ile mikunjo ya nondo kaisaga ila ukipapasa unaisikia, na kwenye kiungo kuna matone ya kuchomelea kwa umeme. Anasema ni wa askari wa Mangi, yaani mtawala wa Wachaga wa zamani! Kule Mamba, jirani na Marangu, wahunzi wapo mpaka leo, wanafua kwa mkaa na mivukuto kwa vyuma chakavu, springi za magari na kadhalika, na hiyo kazi ina heshima yake. Mkuki mpya wa mhunzi nautaka na hela nzuri natoa. Huyu anachukua jasho la fundi, analiharibu kwa nondo, anapachika uongo wa miaka mia, na fundi wa watu hajui lolote.

Anauza na vinyago vya "mpingo wa zamani". Mpingo ni mzito, kinyago chake ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama, kikielea ujue ni mti mwingine kapaka rangi ya viatu. Na anawaambia wageni eti vitu vya kale unasafirisha tu nje bila kibali, muongo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo na utakwama uwanja wa ndege wewe, siyo yeye.

Nilivyompigia akasema "mzee wangu hivi vitu huvijui", akakata, akaniblok. Jana usiku nimemuona tena, jina jipya, picha ya mdada, ila gunia ni lilelile na ukuta wa bluu uleule, safari hii ana randa ya mbao yenye ufa mrefu ubavuni anataka 250,000. Anayetaka picha za ile patasi na maandishi yake aniambie namtumia sasa hivi.