Kulishwa kwa mshipa nyumbani: fundi wa friji anatoa maoni yake

Mie ni fundi wa friji na AC hapa Unguja. Nikiulizwa kama kitu ni kizuri, cha kwanza naangalia kinavyohimili joto letu na umeme wetu. Safari hii ninachokisemea ni huduma ya kumlisha mgonjwa kwa mshipa akiwa nyumbani. Mdogo wangu wa kike anaipata London anakoishi, na alipokuja likizo alikuja nayo mpaka kwangu Kiembesamaki.

Habari yake kwa ufupi: damu iliganda kwenye mshipa unaolisha utumbo, utumbo ukafa, madaktari wakaukata. Mtu mzima ana utumbo mwembamba wa mita 6 hivi, wengine zaidi, wengine pungufu. Yeye kabakiwa na chini ya mita 1, na ncha yake imetolewa nje kwenye ngozi ya tumbo, inamwagia kwenye mfuko. Akila, chakula kinapita tu. Basi usiku anaunganishwa na mfuko wa lishe, unaingia taratibu kwa saa 12 hivi kupitia mpira laini uliopenyezwa kifuani mpaka kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Asubuhi anajichomoa kwenye mfuko, anakoga, anatoka zake kwenda mjini.

Kule kwao kampuni inamletea mifuko kwa gari la baridi na imempa friji maalumu, haruhusiwi kutia humo hata paketi ya maziwa. Kapewa pampu, begi la mgongoni, stendi, sindano, glavu, dawa za kupangusia, vyote bila kutoa senti, inalipa serikali. Kila mfuko umechanganywa kwa kipimo chake mwenyewe kulingana na vipimo vyake vya damu: sukari, protini, mafuta, chumvi, vitamini. Lazima ukae baina ya nyuzi 2 na 8. Aliyewahi kupima joto la friji za majumbani kwetu atanielewa. Mlango unafunguliwa kila mara, huyu anataka barafu, yule anataka juisi, umeme unakuja na kuondoka. Hizo nyuzi 8 mchana wa kaskazi hazikai.

Na mie ni mtu niliyekuwa kazini pale umeme wa kisiwa kizima ulipokatika Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipokufa. Najua nilichokuwa nakitoa kwenye friji za watu.

Ndiyo maana nilipenda walivyomfungashia safari. Hawakumpa ile mifuko yake ya London. Walimpa ya vyumba vitatu, sukari mbali, protini mbali, mafuta mbali, ambayo haihitaji friji mpaka itakapochanganywa, ilimradi joto lisipite nyuzi 25. Ukitaka kuitumia unaukunja mfuko kutoka juu kama unayekamua dawa ya meno, kuta za ndani zinaachia, vyote vinaungana na kuwa vyeupe kama maziwa. Kasoro yake ni kwamba vitamini hazimo, na si kipimo cha mtu mmoja mmoja. Kwa likizo fupi daktari wake aliridhia. Nilichofanya mie ni kufunga AC ndogo kwenye chumba cha nyuma, nikaweka kipimajoto ukutani, na friji gadi kwenye soketi kwa ajili ya umeme unaopanda na kushuka. Plagi za chaja hazikutaka adapta. Ni pini tatu zile zile za Kiingereza tunazotumia sisi.

Pampu naipa alama zote. Ndogo, inaingia kwenye begi la mgongoni pamoja na mfuko, betri inamaliza usiku. Umeme ukikatika haijui hata kama umekatika. Ina kelele lakini, ikiona kiputo cha hewa au mpira umejikunja inalia mpaka nyumba nzima inaamka, na mpira hujikunja kila akigeuka upande wa kulia.

Sasa lililonikera. Kampuni inajisifu kwa simu ya msaada saa 24. Usiku mmoja pampu ilileta alama tusiyoielewa, tukapiga. Haipigiki! Ile ni namba ya bure ya Uingereza, ukiwa nje ya nchi haikubali. Mtu anasafiri na barua yenye mihuri, mizigo ya ziada imeidhinishwa na shirika la ndege, tarehe zote wanazo, halafu hakuna aliyefikiria kumwandikia namba inayopigika kutoka Zanzibar? Ilibidi tumuamshe shoga yake London, apige yeye, atutafsirie kwa WhatsApp. Kumbe ni kihisio cha hewa kimepata unyevu, unapangusa tu kwa kitambaa kikavu. Hapo nimekata alama, na sitaki kusikia udhuru.

Lakini kama unafikiria kazi ni pampu na friji, umekosea. Kazi ni mikono. Saa ya kujiunganisha anafunga madirisha, anazima feni na AC ili vumbi lisiruke, anatoa watu wote chumbani akiwemo Bi Mkubwa, ambaye hakuzoea kutolewa chumba chochote na mtoto wake. Anaosha mikono mpaka kwenye viwiko. Anapangusa ncha ya ule mpira kwa kitambaa cha spiriti na klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, halafu anasubiri ikauke yenyewe, bila kupuliza, bila kupepea. Jasho linamtiririka, hafuti. Nilikuwa nasimama mlangoni nikitamani kumwambia dada fanya haraka, joto hili! Mdudu mmoja akiingia pale anafika kwenye damu moja kwa moja. Akipata homa na kutetemeka pampu ikiwa inakwenda, anatakiwa asimamishe na kukimbilia hospitali akatolewe damu ya kuoteshwa maabara ijulikane ina mdudu gani. Barua ya kumuonesha daktari wa Mnazi Mmoja ilikaa kwenye mkoba wake muda wote. Haikutumika, alhamdulillahi.

Jirani wote walikuwa na swali moja: kwa nini asipandikizwe utumbo wa mtu mwengine, yakaisha? Alinieleza na nimeelewa. Utumbo umejaa askari wa mwili na umejaa vijidudu, kwa hiyo mwili unaukataa kwa nguvu kuliko figo, na dawa za kuutuliza zinafungua mlango wa maradhi. Katika waliopandikizwa, kama nusu au zaidi kidogo ndio walio hai baada ya miaka 5. Wanaolishwa kwa mshipa wasio na saratani, ni kama robo tatu au zaidi. Kwa hiyo wanaopelekwa kupandikizwa, kwenye hospitali kama za Cambridge na Oxford, ni wale ambao lishe ya mshipa inawaharibu ini, au mishipa ya kupitishia mpira imewaishia, au vijidudu vinawaingia kwenye damu mara kwa mara. Yeye hayumo. Bi Mkubwa alipoambiwa alisema basi huo mfuko na uishi, akaenda zake jikoni.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa madafu. Mgeni katoka Ulaya, amekonda, kiu imemshika, humpi dafu? Humpi. Mtu mwenye utumbo mfupi kiasi hicho akinywa maji matupu, chai nyingi au dafu, ambalo chumvi yake ni kidogo, utumbo unatoa chumvi ya mwilini kuimwaga humo, mfuko unajaa, naye anazidi kukauka. Anakunywa kinywaji cha hospitali ya St Mark's ya London: lita 1 ya maji safi, glukosi gramu 20, chumvi gramu 3.5, bikaboneti ya sodiamu gramu 2.5. Glukosi tuliinunua duka la dawa, si sukari ya dukani. Kwa ladha ni balaa, nimeonja. Kikipoa vizuri na kukamuliwa ndimu kidogo kinanyweka, kwa funda ndogo ndogo mchana kutwa. Mwenye mgonjwa wa tundu la tumbo, aliyetolewa utumbo nje kama mdogo wangu, Wete au Mkoani anaweza kumuuliza daktari wake kuhusu hiki kabla ya kitu chochote kingine, maana hakihitaji gari la baridi wala pampu. Mtoto wa kuharisha ni jambo jengine, huyo mpe ORS ya kituo cha afya.

Huduma yenyewe kwetu haipo. Ingetaka chumba safi cha kuchanganyia dawa, gari lisilochelewa, na muuguzi wa kukufundisha kunawa mpaka uchoke. Kwa anayetarajia ndugu anayekuja nayo: kagua umeme wa chumba kabla hajafika, weka kipimajoto, mwambie adai namba ya simu inayopigika huku. Nyota nne. Ya tano wataipata wakirekebisha hiyo namba.