En-ROADS: programu inayoifafanua vyema kodi ya nishati, ila haifiki jikoni

En-ROADS ni programu ya kuiga mwenendo wa nishati, uchumi na tabianchi ya dunia hadi mwaka 2100. Imetengenezwa na Climate Interactive, Ventana Systems na MIT Sloan, shule ya biashara ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, hutumika bure mtandaoni, na yeyote anaweza kusogeza vidhibiti vya kodi akaona grafu zikibadilika papo hapo. Kwa anayetaka kuelewa mageuzi ya kodi ya nishati bila kuanza na hesabu ngumu za wataalamu, sijaona njia nyepesi kuliko hii.

Ubora wake mkubwa ni kuzitenganisha kodi. Makaa ya mawe hutozwa kwa tani, mafuta kwa pipa, gesi nayo ina kidhibiti chake, na kando yake ipo bei ya kaboni, inayogusa kila nishati kwa kadiri ya hewa ukaa inayotoa. Ukiyatoza makaa ya mawe peke yake, matumizi yake hushuka sana, lakini sehemu ya pengo hujazwa na gesi, hivyo hewa ukaa haipungui kwa kiasi ambacho mtu angetarajia. Ukipandisha bei ya kaboni, gesi nayo hubanwa. Unaweza pia kuchagua mwaka wa kuanza kutoza na miaka itakayopita kabla ya kufikia kiwango kamili. Jaribu kuahirisha kwa miaka ishirini, nawe utaelewa kwa nini nalisisitiza jambo hili: mitambo inayojengwa katika kipindi hicho cha kusubiri huendelea kuchoma makaa ya mawe kwa miongo mingi baada ya kodi kuanza. Bila hatua mpya, programu hukadiria ongezeko la joto la takriban nyuzi 3.3, na hata bei ya kaboni ikifikishwa ukomo wake, peke yake haishushi kiwango hicho hadi chini ya nyuzi 2.

Upande wa uchumi haukutendewa haki kwa kiasi hicho. Grafu za gharama ya nishati na mapato ya serikali zipo, lakini dunia huhesabiwa kama kaya moja, na tajiri hatofautishwi na maskini.

Chukua Kenya. Mwaka 2018 uliwekwa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasichanganywe na dizeli. Kisha Julai 2021 gesi ya kupikia ikatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, na kuondolewa mwaka 2023. Mama anayeshindwa kujaza mtungi au kununua mafuta ya taa haachi kupika. Hurudi kwenye mkaa na kuni, ambazo kwa sehemu kubwa huuzwa nje ya mkono wa mtoza kodi, na moshi wake huvutwa na watoto walio jikoni. Njia hiyo ya kurudi nyuma, kutoka gesi hadi mkaa, siioni katika grafu hata moja ya En-ROADS.

Kwa darasa la uchumi au mazingira naipendekeza bila kusita. Anayeandaa muswada wa fedha, hata hivyo, aitumie pamoja na takwimu za matumizi ya kaya, zilizogawanywa kwa kipato na kwa aina ya jiko, kabla ya kugusa bei ya mtungi wa gesi.