Mtoto wa kichwa kikubwa: mpira au tundu?
Maji yakijaa kichwani mwa mtoto na kichwa kikakua kupita kiasi, kuna upasuaji wa aina mbili. Mpira, yaani mrija mwembamba unaowekwa ndani ya mwili, hutoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni, na upasuaji wake umezoeleka zaidi. Tabu ni matunzo: huweza kuziba au kupata maambukizi hata baada ya miaka. Utosi ukivimba na macho yakaelemea chini usiku wa manane, mama aliye mbali na hospitali atafanyaje?

Tundu la kupitishia maji hayo hutobolewa ndani ya ubongo kwa msaada wa kamera ndogo, na tishu zinazotengeneza maji zikaunguzwa. Hakibaki kifaa mwilini, ila linataka mkono uliozoea. Likishindwa, mara nyingi ni miezi 6 ya mwanzo. Kiakili, utafiti wa watoto 100 huko Mbale, Uganda, uliochapishwa 2017, haukukuta tofauti ya maana kati ya mpira na tundu baada ya mwaka.

Ukiishi jirani na hospitali ya rufaa, mpira unalindika. Kijijini, ningeulizia tundu kwanza.