Dawa ya kuzibia pancha: nimeitumia mara tatu, imenifaa mara moja, na bado naibeba

Gari langu ni Toyota Aqua ya mwaka 2014, limetoka Japani likiwa limeshatumika, kama magari mengi tunayoendesha hapa Dar es Salaam. Siku ya kulichukua nilikagua taa, redio, viti, mpaka harufu ya ndani. Sikufunua sakafu ya buti. Ningefunua ningeona kwamba pale ambapo magari mengine yana spea, hili lina povu jeusi lililochongwa, na ndani yake kuna chupa moja ya dawa ya kuzibia pancha na kimashine cha kujazia upepo. Spea hakuna, na kwenye gari langu hata jeki haikuwemo. Aqua, Note, Fit na Demio nyingi za miaka hiyo ziko hivyo. Kiwanda kimepunguza uzito na kupata nafasi, wewe umebaki na chupa.

Nilikuja kuijua chupa hiyo Septemba 2023, usiku, Kibamba. Tairi la nyuma kushoto likakaa chini. Nikafungua kifuko, maelekezo yote ya Kijapani, lakini michoro ilieleweka. Nikaunganisha, nikawasha. Mashine ilinguruma, mpira ukatetemeka, mshale wa kipimo ukapanda na kubaki juu, na ndani ya tairi hakikuingia kitu. Nilipoitikisa chupa nikasikia kitu kizito kikigonga pembeni, kama uji uliolala. Ndipo nikaimulika kwa simu. Tarehe ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu za kawaida kabisa: 2018.06. Nilikuwa nikizunguka na chupa iliyokufa miaka mitano iliyopita. Bodaboda mmoja alikwenda kumleta fundi na jeki yake, nikafika nyumbani saa sita usiku.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninalotaka kila mwenye gari la aina hii alifanye leo, kabla hajanunua chochote: funua buti, itoe chupa, soma tarehe. Dawa iliyomo, kwa aina nyingi, ni utomvu wa mpira uliochanganywa na kimiminika cha kuzuia isigande kwa baridi. Huwa hai kwa miaka kama minne hivi, halafu inaanza kushikana yenyewe ndani ya chupa. Gari la 2014 likifika kwako 2021 au 2022, chupa yake ya kiwandani imeshapita muda, na muuzaji hatakwambia, maana yeye mwenyewe hajaifunua.

Mwezi uliofuata nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani kwenye maduka ya spea za magari. Duka la kwanza walinipa chupa nzuri, boksi jipya, ila juu ya tarehe pamebandikwa karatasi ya bei. Nikaibandua kwa ukucha, nikakuta mwaka umeshapita. Niliirudisha bila maneno. Duka la tatu ndipo nilipopata ninayoitumia: chupa ya mililita 450, pampu ya umeme ya volti 12 ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, waya wa mita tatu, na kibandiko chenye namba 80 ndani ya duara, yaani mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Nilitoa shilingi 95,000 kwa vyote. Tarehe ilikuwa 2027.

Kuna aina mbili nyingine mtauziwa. Moja ni chupa ya kukamua kwa mkono. Hiyo inakutaka kwanza ufungue sindano ya ndani ya valvu kwa kifunguo kidogo, umimine dawa, urudishe sindano, ndipo ujaze upepo. Gizani, pembeni ya barabara, kitu kidogo kama kile kikidondoka kwenye nyasi umekwisha. Nyingine ni kopo la kupuliza, lenye gesi na povu humo humo, halina pampu. Nimeijaribu moja kwenye tairi la gari la kaka yangu lililokuwa likipungua polepole; ilinyanyua kidogo, haikufika hata nusu ya upepo unaotakiwa. Na makopo ya namna hiyo mengine yana gesi inayowaka, kwa hiyo ukiitumia lazima umwambie fundi kabla hajasogeza moto au msasa wa umeme. Mimi nachukua ile ambayo pampu ndiyo inayoisukuma dawa kupitia mpira, basi.

Sasa siku iliyonifanya niandike. Novemba 2024, Jumapili, natoka Muheza na mama yangu kumleta Dar. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa na kliniki ya macho. Gari limejaa: mabegi yake, mchele, na magunia mawili ya machungwa, kwa sababu hakuna mtu anayetoka Muheza mikono mitupu. Tumepita Segera, Kabuku, Mkata. Kabla ya kufika Mbwewe, saa kumi na mbili kasoro, usukani ukaanza kuvuta kulia. Nikapunguza, nikatoka nje ya lami mpaka kwenye changarawe. Tairi la mbele kulia lilikuwa limeshuka zaidi ya nusu, na kwenye kashata za katikati kilionekana kichwa cha msumari.

Barabara ile wanaoijua wanaijua. Malori na mabasi ya Arusha na Tanga yanapita kwa kasi, na upepo wa lori peke yake unalitikisa gari dogo. Niliweka pembetatu, nikawasha taa za hazadi, nikamtoa Mama upande wa porini. Halafu nikagundua kosa langu: mfuko wa dawa uko chini ya sakafu ya buti, na juu ya sakafu kuna magunia mawili. Nikayashusha yote. Mama akakaa juu ya gunia moja, kanga kichwani, akanimulikia kwa simu yangu.

Msumari sikuung'oa. Hili watu wengi wanakosea. Mkono unawasha kuuchomoa. Ukiuchomoa umelifungua tundu, na dawa inapata kazi kubwa zaidi ya ile iliyotengenezewa. Chupa nyingi zinasema tundu lisizidi milimita 4 na liwe kwenye kashata, pale tairi linapogusa lami. Msumari wangu wa inchi mbili haukufikia unene huo.

Nikaitikisa chupa, safari hii ikasikika nyepesi kama maji. Nikafunga mpira kwenye valvu, nikaliacha gari likiwa limewaka ili betri isiishe, nikabonyeza. Hapa naomba msomaji anisikilize, maana hapa ndipo nilipotaka kukata tamaa. Kipimo kilipanda haraka mpaka karibu 50 PSI huku tairi likiwa bado limelala vile vile. Nilidhani ni Kibamba imerudi. Kumbe hiyo ndiyo kawaida yake: dakika ya kwanza kipimo kinasoma nguvu ya kuisukuma dawa kwenye mpira mwembamba. Dawa ikiisha kuingia, mshale unaanguka, kisha unapanda tena taratibu, na huo upandaji wa pili ndio upepo wa kweli. Tofauti na Kibamba ni kwamba kule mshale haukuanguka kabisa.

Pembeni ya msumari yakatoka mapovu meupe, yakichuruzika kwenye changarawe, na harufu kali ya amonia. Mama akainama, akaipangusa kidogo kwa kidole, akainusa.

"Huu si utomvu wa mpira huu? Kihuhwi wanagema hivi hivi."

Alisema kweli. Shamba la mpira la Kihuhwi liko kwetu Muheza, na ukipita kwenye miti ile utaona vikombe vimefungwa shinani, vimejaa maziwa meupe ya namna ile ile. Yakipigwa na hewa yanashikana yakawa mpira. Ndiyo kazi inayofanyika ndani ya tairi: upepo unaisukuma dawa kwenye tundu, inagandia hapo na kuwa kizibo. Mama alielewa mtambo wote kwa kunusa, mimi nilikuwa nimehitaji kusoma karatasi mara mbili.

Dakika tisa nikafika 32 PSI. Kusoma vizuri lazima uzime pampu kwanza, vinginevyo namba inadanganya. Kipimo sahihi cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, usichukue changu. Nikarudisha magunia, Mama akapanda, tukaondoka papo hapo. Kuondoka haraka si kwa ajili ya woga tu. Dawa imekaa chini kama maji kwenye sufuria. Tairi lisipozunguka haisambai, na tundu halizibiki sawasawa. Kama kilomita 5 mbele, mwanzoni mwa Mbwewe, nikasimama kupima: 29. Hiki ndicho kipimo cha uamuzi. Ukikuta imeshuka chini ya 19 PSI hivi, kama kilopaskali (kPa) 130 kwa namba za kwenye mashine za Japani, acha, tairi limeshindikana, omba msaada. Yangu ilikuwa inashikilia. Nikaongeza mpaka 32 tena.

Kibanda cha pancha cha hapo kilikuwa na kufuli, lile tairi la tangazo limebaki peke yake chini ya mti. Kwa hiyo nikaamua kuendelea. Kile kibandiko cha 80 nilikibandika karibu na usukani na nikakitii mpaka nyumbani. Vijijini ni 50 kwa sheria hata hivyo, na penye lami tupu nilikwenda 70. Mabasi yalinipita yakinipigia honi. Nilipima tena Msata, 32. Nilipima Bagamoyo, 31. Tulifika Bunju saa nne na nusu usiku, na asubuhi Mama alikuwa kwenye foleni ya kliniki kwa wakati.

Fundi wangu wa pancha hakuifurahia. Alipolibandua tairi kwenye rimu yalimwagika maziwa mpaka kwenye ndala zake.

"Dada, siku nyingine niambie kabla sijafungua."

Ana haki. Ikiwa bado mbichi inaoshwa kwa maji, ikikauka inakuwa ngozi ya mpira ya kubandua kwa kucha, na kwenye nguo haitoki. Alilisafisha tairi ndani, akabandika kiraka kwa ndani, akaniongezea 3,000 juu ya bei yake kwa ajili ya usafi, nami nikamlipa kwa moyo mmoja. Kama gari lako lina vitambuzi vya upepo ndani ya matairi, mwambie avisafishe vilevile, kwa sababu dawa inaweza kuviziba. Na mwambie wazi kwamba unataka tairi lifunguliwe lizibwe kwa ndani. Dawa ni ya kukufikisha kwa fundi, si ya kuendelea nayo wiki mbili kwa sababu tairi linaonekana zima. Chupa nyingi zinahesabu safari ya kilomita 200 kama mwisho wake.

Mara ya tatu ilikuwa Machi 2025, na ilishindwa, bila kosa lake. Niligonga ukingo wa zege nikiingia kwenye maegesho, tairi likachanika ubavuni, mpasuko wa kama kidole kidogo. Nilijua ubavu hauzibiki, lakini nilikuwa nimechelewa kazini, nikajipa moyo. Dawa yote ikamwagika chini. Shilingi 40,000 za chupa mpya zikaenda pale, maana chupa ikitobolewa mara moja haitumiki tena. Kwa tairi lililopasuka, lililotoka kwenye rimu, au uliloendesha likiwa limelala mpaka likasagika, usiifungue kabisa. Hapo ni spea au gari la kuvuta.

Kwa hiyo naipa nini? Kwa mtu anayezunguka mjini, na hasa mwanamke anayesafiri peke yake au na mzee, naipendekeza kwa nguvu. Kufungua nati zilizokazwa kwa mashine, kunyanyua gari kwenye changarawe, malori yakikupita mgongoni, si sawa na kuchuchumaa dakika tisa na kubonyeza swichi. Pampu peke yake inalipa gharama yake: najazia matairi kila baada ya wiki mbili nyumbani, na pancha ndogo inayovuja polepole naijaza upepo tu na kwenda kwa fundi bila kuimwaga dawa. Ila kwa njia ndefu zenye vumbi na mawe makali, chupa haitoshi. Kabla sijampeleka Mama Lushoto mwezi Juni nilinunua rimu yenye tairi lililotumika na jeki ndogo, nikavifunga kwenye buti, machungwa yakahamia kiti cha nyuma.

Mfuko wa dawa nao nimeuhamisha. Uko sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, chini ya kitambaa cheupe, ambako mkono unafika bila kushusha mzigo na jua haliupigi moja kwa moja. Gari lililoachwa juani Dar mchana kutwa ni tanuri, na chupa yangu imeandikwa isizidi nyuzi 60. Chupa ya sasa inaishia Agosti 2029.