Minnesota State Fair na watoto watatu, bibi yao na hotpoti ya chapati: uzoefu wangu

Kila Agosti ikifika nusu, kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa huku Minnesota swali ni lile lile: hii State Fair inafaa kupeleka watoto, au ni kuliwa hela tu? Jibu langu ni kwamba inategemea unafuata nini. Ukifuata bembea na vyakula vya kuchomekwa kwenye kijiti, utaliwa hela na watoto watarudi bado wananuna. Ukifuata mabanda ya mifugo, ukaingia asubuhi na chakula chako mkononi, sijaona matembezi ya familia yanayoifikia kabla shule hazijafunguliwa.

Kwa waliofika karibuni: haya ni maonyesho ya kilimo ya jimbo zima. Yalianza mwaka 1859, na uwanja wake uko Falcon Heights, katikati ya Minneapolis na St. Paul. Yanachukua siku 12 na kumalizika Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Shule nyingi hufunguliwa siku hizo hizo, kwa hiyo kwa watoto ndiyo likizo ya kiangazi inaaga. Mwaka 2019 walihesabiwa watu zaidi ya milioni 2 kwa siku hizo 12. Hebu fikiria hao wote wanatafuta choo.

Safari hii tulikuwa na mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Rungwe, Tanzania. Mama ni mfugaji. Tangu afike Marekani alikuwa mtu wa kuelekezwa: bonyeza hapa, usivuke bado, hiyo siyo sabuni ya vyombo. Nilipomwambia tunakwenda kwenye kitu kama Nane Nane, yale maonyesho ya wakulima ya kwetu, aliuliza, "Na ng'ombe watakuwepo, au ni matrekta tu?" Nikamwambia wapo. Akaenda kuchagua kitenge.

Usafiri kwanza, maana wengi wanaharibikiwa hapo. Msihangaike kutafuta maegesho karibu na uwanja. Kuna viwanja vya Park & Ride sehemu mbalimbali za mji: unaacha gari bure, unapanda basi bure, linakushusha getini. Tulifika mapema, geti likiwa limefunguliwa muda si mrefu, na basi lilikuwa na nafasi ya kigari cha mtoto. Ukienda saa tano za asubuhi siku ya Jumamosi hiyo nafasi isahau. Kabla ya kushuka tuliwaandika watoto namba ya simu ya baba yao mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika. Mkubwa alilalamika kwamba yeye si mtoto. Tukamwandika hivyo hivyo.

Kiingilio si mchezo. Mwaka 2024 mtu mzima alikuwa dola 18, watoto wa miaka 5 hadi 12 na wazee wa 65 kwenda juu dola 16, wa miaka 4 kushuka chini bure. Kwa familia kama yetu, wazazi wawili, bibi mmoja, wawili wa shule na kitinda mimba, hiyo ni dola 84 hamjagusa hata maji. Na tangu hapo bei imepanda. Ukinunua tiketi kabla maonyesho hayajaanza inapungua, na kuna siku moja wanaiita Read & Ride ambapo kadi ya maktaba ya umma inakupunguzia getini. Kadi ya maktaba ni bure, kwa nini usiwe nayo?

Sasa mabandani. Tulianza na la ng'ombe, na hapo ndipo mama yangu alipobadilika. Vijana wa 4-H, chama cha vijana wanaojifunza mambo kama kilimo na ufugaji, wengine wa umri wa sekondari tu, wanaleta mifugo waliyoikuza wenyewe, wanalala hapo hapo uwanjani na kuamka alfajiri kuihudumia. Binti mmoja alikuwa anamwosha ng'ombe wake mweusi na mweupe kwa shampuu, kisha akamkausha kwa mashine ya upepo, halafu akamnyoa mgongoni kwa mashine kama ya kinyozi. Mama akasimama. "Huyu anapelekwa harusini?" Nikamtafsiria yule binti, akacheka, akasema kwa namna fulani ndiyo, saa nne anaingia mbele ya majaji.

Basi ikawa maswali. Ana mimba? Amezaa mara ngapi? Anatoa kiasi gani? Binti akajibu pauni 80 kwa siku. Mama akanitazama akidhani nimekosea kutafsiri, kwani kwao maziwa ni lita. Kumbe wafugaji wa huku wanayapima kwa uzito. Mume wangu akapiga hesabu kwenye simu: lita 35 na ushei. Mama akanyamaza kidogo, akainama, akatazama kiwele kutoka nyuma, chuchu moja baada ya nyingine, akaguna. "Muulize anamlisha nini." Akajibu silaji ya mahindi, yaani mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kuvundikwa, majani makavu ya alfalfa, nafaka za kusagwa. "Mwambie mimi namlisha majani ya tembo na pumba, na nikipata lita kumi nashukuru." Binti naye akaanza kuuliza: hayo majani ya tembo yanafananaje, yanavunwa mara ngapi, mvua ikoje. Wakazungumza wee, mimi katikati kama mkalimani wa Umoja wa Mataifa, mpaka watoto wakanivuta nguo. Wanangu hawajawahi kumwona bibi yao akiulizwa ushauri na Mmarekani. Mkubwa alirekodi kwenye simu.

Pale penye wanyama wanaozaa, wanapaita Miracle of Birth Center, msipapite hivi hivi bila kuingia. Kila mwaka wanazaliwa hapo wanyama wapatao 200: ndama, wana-kondoo, watoto wa mbuzi na wa nguruwe. Madaktari wa mifugo wapo, watu wamekaa kwenye ngazi kama uwanja wa mpira mdogo. Tulimkuta ng'ombe amesimama, anahangaika, mkia juu. Watu wakaanza kutoa simu. Mama akasema, "Kaeni, bado huyu. Akilala ndiyo." Tukakaa. Tukatoa karanga. Alipolala, mama akawasogeza wajukuu mbele, na kweli, haikupita muda mrefu zikaonekana kwato mbili za mbele, halafu pua juu yake. Kitinda mimba akauliza kwa nini ndama amevaa mfuko wa nailoni. Wa kati yeye aliona kwato: kwenye ncha zina kitu laini cha njano kama uyoga uliolowa. Bibi akamweleza kwamba ni kinga ya Mungu, ili kwato zisimchane mama tumboni, na zikikanyaga chini mara kadhaa kinabanduka. Bwana aliyekaa mbele yetu aligeuka kuuliza anasema nini. Nikatafsiri, naye akamtafsiria mkewe kwa Kihispania.

Kwa wenye watoto wadogo kuna Little Farm Hands, nayo ni bure ukishaingia. Mtoto anapewa kikapu, anapita kukusanya mayai ya bandia, kupanda, kuvuna, kumkamua ng'ombe wa kuigiza, anauza mazao sokoni, analipwa dola ya mchezo, kisha anaitumia kwenye duka dogo kupata kitu cha kutafuna. Wa kati alizunguka, akatoka, akapanga foleni tena. Foleni yenyewe inakwenda.

Banda la nguruwe liko peke yake, kwa hiyo familia zisizotaka kuingia zinapita tu. Sisi tuliingia kumwona dume mkubwa kuliko wote jimboni, wana shindano lake kila mwaka, na washindi huwa wanapita pauni 1,000, yaani zaidi ya kilo 450. Alikuwa amelala. Anachofanya ni kulala, na watu wanamzunguka kumpiga picha.

Kwenye jengo la maziwa kuna jambo ambalo ukimsimulia mtu nyumbani atasema unamdanganya. Kuna chumba cha vioo chenye baridi ya jokofu, kinazunguka polepole. Ndani amekaa msichana amevaa koti zito na glavu, huku nje jua linachoma, na mbele yake mchongaji anachonga sura yake kwenye bonge la siagi la kilo 40 hivi. Kila siku msichana mwingine. Wote wanatoka kwenye mashindano ya Princess Kay of the Milky Way, yaliyoanza mwaka 1954, ya kumpata balozi wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Linda Christensen alichonga vichwa hivyo kwa miaka 50 mpaka alipostaafu mwaka 2021. Mama alitazama kwa uchungu. "Siagi yote ile wanaiharibu?" Nikamwambia haiharibiki, msichana anaondoka na kichwa chake, na familia nyingi huitumia kwenye karamu za mahindi kijijini kwao. Hapo akaridhika, akakubali kupigwa picha mbele ya kioo.

Chakula. Wengi hawajui kwamba unaruhusiwa kuingia na chakula chako kutoka nyumbani, pamoja na vinywaji visivyo na kileo. Mfuko unakaguliwa getini, basi. Sisi tulibeba hotpoti ya chapati, kuku wa kukaanga, matikiti yaliyokatwa na maji ya barafu. Kivuli kipo kwenye nyasi ukikitafuta mapema. Kwa hiyo tulinunua vya kuonja tu, na kwa familia ya watu sita hapo ndipo hela inapookolewa.

Mahindi ya kuchoma yanafaa. Maganda yanavutwa nyuma yanakuwa kishikio, hindi lote linachovywa kwenye siagi iliyoyeyuka mpaka inatiririka kiwiko. Ni matamu, laini, siyo yale ya kutafuna mpaka taya ziume. Mama alitoa ndimu kwenye mkoba. Sijui alijuaje. Pilipili alisahau, akalalamika. Biskuti za Sweet Martha's, wapo tangu 1979, ukinunua ndoo wanajaza mpaka zinamwagika, mfuniko haufungiki hadi mle za juu. Gawaneni hapo hapo zikiwa za moto, zikipoa ni biskuti za kawaida. Kuna kibanda cha maziwa unacholipa mara moja unakunywa mpaka uchoke. Watoto walishindana, na mama alikunywa kikombe kimoja akasema maziwa ya baridi namna ile hayana kazi, yangechemshwa na tangawizi. Zile soseji za kijiti zilizochovywa kwenye unga ni maarufu sana, ila kama nguruwe huli, uliza kwanza ni za nini.

Michezo sasa. Kiingilio cha getini hakijumuishi bembea hata moja. Wadogo wana sehemu yao, Kidway, wakubwa wana Mighty Midway, na kote ni tiketi juu ya tiketi. Hapa tuliwapa watoto kila mmoja kiasi chake na kuwaambia kikiisha kimeisha. Mkubwa alipeleka chake chote kwenye kibanda kimoja cha kurusha pete, sitakitaja. Kijana wa pale alikuwa anamwambia "umekosa kidogo tu" kila mara, na pete nilipozishika mimi zilikuwa zinapita kwenye shingo ya chupa kwa tabu hata ukiziweka kwa mkono. Alirudi na kidubwasha cha plastiki kilichokatika kabla ya basi. Ukitaka kitu cha kuwafurahisha wote kwa mkupuo, nendeni Giant Slide, ule mteremko mkubwa wa rangi. Mnapewa gunia, mnakaa, mnateremka. Mume wangu alimwuliza mama kwa heshima zote, "Mama, utapenda kujaribu?" Mama akasema yeye ni mtu mzima. Halafu akauliza gunia zinatolewa wapi.

Aliteremka na kitinda mimba mapajani, kitenge kimekazwa kwa fundo mbili.

Mengine kwa ufupi. Vaeni viatu vya kufunga, mabandani kuna kinyesi. Beba kofia na maji, maana mwisho wa Agosti huku joto na unyevu bado vinauma, na jua likizidi nendeni kwenye jengo la kilimo mkatazame picha zilizotengenezwa kwa mbegu tupu, maharage, ngano, mbegu moja moja imegandishwa kwa gundi. Saa nane mchana ndiyo watu wanabanana, kigari cha mtoto kinakuwa adhabu. Sisi saa tisa tulikuwa kwenye basi.

Naipa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama bembea za watoto zingekuwa ndani ya kiingilio. Kama una mzazi aliyetoka nyumbani na visa yake inafika Septemba, mpeleke siku ya katikati ya wiki, na uanze na banda la ng'ombe kabla mashindano hayajaanza, wakati wenye mifugo bado wana nafasi ya kuzungumza.